Mwaka Nilipoua Krotoni za Shule

Tulimzika Mama Boke Ijumaa iliyopita huko Kegonga, na mvua nyepesi ilinyesha kuanzia sala ya kwanza hadi sahani ya mwisho ilipooshwa. Baada ya chakula nilikuwa nimesimama chini ya turubai nikinywa chai, Mwita akanijia. Mwita ni mtoto wa kaka yake Mama Boke. Nilimjua akiwa kijana mwembamba wa kusukuma wilbaro. Sasa ana mvi, kitambi, na wajukuu watatu waliokuwa wakimfuata nyuma kama vifaranga. Akawapanga mbele yangu. "Mnamwona huyu mama? Huyu ndiye aliua krotoni za shule." Watoto wakanikodolea macho. Mdogo wao akauliza, "Alizikata na panga?" Mwita akatikisa kichwa kwa huzuni ya kuigiza. "Wapi! Alizipenda sana, hivyo tu." Tukacheka mpaka mama mmoja wa kanisa akageuka kututazama, ndipo tukakumbuka tuko msibani. Lakini nilipokuwa nikirudi Homa Bay, gari likishuka na hewa ya dirishani ikizidi kuwa ya uvuguvugu, sikuweza kuliondoa jambo lile kichwani. Nimekuwa na kitalu changu cha maua kwa miaka mingi, na wateja huniuliza nilisomea wapi. Huwa nasema, "Kegonga, mwaka mmoja," nao hudhani kuna chuo.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Jinsi nilivyotoka kando ya ziwa nikafika kwa mjane wa Kikuria aliyeuza miche karibu na mpaka wa Tanzania ni habari ndefu ya ndugu na majirani, na hapa haitatusaidia. Kinachofaa kujulikana ni mapatano yetu. Mama Boke alikuwa na kitalu kimoja, mteremkoni nyuma ya nyumba yake, na alikuwa amepata kipande kidogo cha ardhi kando ya barabara mjini Migori, ambapo alitaka kufungua cha pili. Siku niliyofika, kabla sijaketi, aliniambia, "Mwaka mmoja, Akoth. Ukiisha, kuna mtu atasimamia Migori. Anaweza kuwa wewe, anaweza kuwa Mwita. Mimi nitaangalia mikono tu." Tangu siku hiyo mimi na Mwita tulifanya kazi pamoja kama watu wawili waliopewa kiti kimoja. Nilikitaka kile kitalu cha Migori kuliko kitu chochote. Usiku nilikipanga kichwani: meza ya miche ya kivuli hapa, pipa la maji pale, chumba changu cha kupanga mtaa wa pili, na mlango ambao ningeufunga mwenyewe bila kuulizwa na mtu nimetoka wapi. Kijana ambaye siku zote amelala kwenye vyumba vya wengine atanielewa.

Hata Kegonga nililala kwenye stoo. Dirisha lake halikuwa na kioo, lilizibwa kwa ubao. Ukutani kulikuwa na misumari iliyoning'inizwa mifuko ya mbegu, na pembeni palisimama magunia ya samadi iliyokauka vizuri hata ikawa inanukia udongo tu. Mimi nilitoka mahali ambapo mtu hulala na shuka moja, na hiyo moja huisukuma miguuni. Asubuhi ya kwanza Mama Boke alinikuta nimejiviringisha gunia tupu juu ya blanketi, meno yanagongana. Hakucheka. Alileta koti zito la kijivu la marehemu mumewe akasema, "Vaa. Lakini saa nne ulivue, hata kama unaskia baridi. Mtu asiyevua koti hazoei." Nilidhani ni ukali. Baada ya wiki moja nilimwona akiitendea miche vile vile. Ile iliyokuwa imekulia chini ya kibanda aliitoa nje saa moja siku ya kwanza, akairudisha; kesho yake saa mbili; kesho kutwa asubuhi nzima; mpaka siku ambayo ililala nje. Ukiutoa mche kibandani ukaupanda siku hiyo hiyo mahali pa baridi, majani hushtuka na kukunjamana. Ukiuzoeza kidogo kidogo, shina hukaza na jani huwa nene. Mpaka leo sijapata njia iliyo bora kuliko hiyo, wala haihitaji dawa yoyote, ila mtu asiyechoka kubeba.

Tulikula jikoni sisi watatu, tumeuzunguka moto: ugali mweusi wa mtama na muhogo, maziwa lala, na mboga chungu ambazo nilijifunza kuzipenda kufikia Machi. Nilipotumiwa omena kutoka nyumbani, Mwita alichungulia sufuria akarudi nyuma hatua mbili. "Shangazi, hizi samaki ziko na macho mengi kuliko baraza ya chifu." "Kula," Mama Boke akamjibu, "hazitakuuliza kitambulisho." Mwita aliniita mtu wa ziwa, nami nikamwita mtu wa ng'ombe, na yeye akasema afadhali ng'ombe, ng'ombe hawezi kukuharibia koti kwa harufu. Nikiangalia nyuma naona kwamba tulipendana, sisi wapinzani wawili. Tulikuwa tu hatuna nafasi ya kukiri.

Maua ya Mama Boke hayakufanana na ya mtu mwingine. Kila boma lenye bustani lilikuwa na bogenvilia, hibiskasi na kana, na yeye aliyauza hayo kwa sababu watu waliyataka, lakini moyo wake ulikuwa kwenye safu ya mwisho ya kitalu. Huko aliweka mimea aliyoitafuta mwenyewe kwenye vilima vya kuelekea Narok, kwa kikapu na kisu, baada ya kuomba ruhusa kwa mwenye shamba. Kulikuwa na mmea wenye majani membamba marefu kama ya kitunguu, ambao ulipandisha shina lenye shada jekundu juu na la njano chini, kama mwenge uliowashwa. Sisi tuliuita hivyo tu, mwenge. Kulikuwa na ua moja jekundu la mviringo, kubwa kama kichwa cha mtoto, lililochomoza kutoka ardhi tupu kabla jani lolote halijaonekana. Kulikuwa na kichaka kifupi cha majani ya rangi ya fedha, yenye manyoya laini, na maua meupe yaliyolia kama karatasi ukiyagusa. "Angalia hii," aliniambia siku moja akinipa jani la fedha nilipapase. "Imevaa blanketi. Na ile ya mwenge, ukiona majani yamechomeka na baridi usiogope, moyo wake uko chini ya udongo. Sasa angalia krotoni yako." Krotoni ilikuwa na jani pana, laini, lenye mng'aro, la rangi za machweo yote. "Hii imetoka nje bila shati."

Alisema krotoni yangu kwa sababu niliipenda waziwazi. Ilikuwa mmea wa kwetu, wa mji wenye joto, na nilipoikuta pale kwenye kibanda chake nilihisi nimekutana na jirani. Wateja wangu wa leo wana ugonjwa huo huo kwa upande mwingine. Huja na simu mkononi, picha ya bustani ya nchi ya baridi, waridi za buluu ambazo hazipo duniani, na kuniambia, "Mama Akoth, nataka hii." Siwacheki. Namwambia kila mmoja aniambie kwanza kuhusu uwanja wake: jua linapiga saa ngapi, maji yanasimama wapi, upepo unaingilia wapi. Ua geni si vigumu kulipata. Kazi ni kulipatia mahali ambapo halitajiona geni. Hilo nililipata kwa gharama, na sasa nafika penyewe.

Mwezi Mei mwalimu mkuu wa shule moja ya bweni ya wasichana, juu ya kilima, alikuja kitaluni na viatu vyake vya kazi. Wote walimwita Madam. Shule ilikuwa imesawazisha mteremko mrefu mbele ya madarasa, kutoka ofisini hadi chini kwenye ua wa kayaba, ule mti wa miiba unaofanya uzio mnene hata kuku hapenyi. Alitaka upandwe maua kabla ya siku ya wazazi mwishoni mwa Julai. "Na tafadhali Mama Boke, usiniletee bogenvilia. Kila shule iko na bogenvilia. Nataka mzazi ashuke kwa gari aulize, hii ni nini?" Mama Boke alitabasamu kama mtu aliyengojea swali hilo miaka kumi. "Na zisife," Madam akaongeza. "Hapa kwangu Julai ni baridi. Zikifa mbele ya wazazi, nitachukua watu wa Kisii." Kazi ile ilikuwa kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Ingekwenda vizuri, Migori ingefunguliwa kwa jina zuri. Ingeharibika, pengine isingefunguliwa kabisa.

Wiki ile dada mkubwa wa Mama Boke alikuja kumtembelea kutoka Isebania. Nilikuwa stoo nikipanga mifuko ya nailoni, na ukuta wa stoo na jiko ulikuwa mmoja, wa udongo. Nikamsikia yule dada akisema, "Kwa hivyo kitalu utampa Mjaluo wa watu, na Mwita wa damu yako ako hapa?" Sauti ya Mama Boke ilikuja taratibu, na kijiko kikigonga kikombe. "Damu haijui kupandikiza." "Na huyu anajua?" "Anajifunza haraka." "Wanaojifunza haraka wanajiamini haraka." Kikombe kikawekwa chini. "Hilo nimeliona," Mama Boke akasema. Nililisikia neno la sifa nikalibeba kama mkufu. Yale mengine niliyaacha pale pale ukutani.

Katikati ya Juni mteremko ulikuwa tayari, miche imezoezwa, na siku tuliyopaswa kuanza, habari zikaja kwamba dada yule yule ameugua sana. Mama Boke akaenda Isebania kumuuguza, bila kujua ni kwa wiki ngapi. Kabla ya kuondoka alikwenda shuleni akachomeka vijiti mteremko mzima, kila kimoja na kitambaa. Vitambaa vyeupe, vya krotoni na nyingine za majani laini, aliviweka juu, karibu na ofisi. Vitambaa vyekundu, vya mienge, maua ya mviringo na vichaka vya fedha, aliviweka chini kabisa, kwenye tambarare ndogo iliyo juu ya ua wa kayaba. "Fuateni vijiti," alisema. Hakueleza zaidi kwa sababu alikuwa na haraka.

Nilivitazama vile vijiti siku nzima tukichimba mashimo, na kadiri nilivyovitazama ndivyo nilivyoona kwamba Mama Boke amekosea. Kwetu sisi, jambo hili halihitaji kufundishwa: ukipanda, unakwenda kwenye baridi, ukishuka, unakwenda kwenye joto. Nilikuwa nimeliishi jambo hilo mwilini. Nilipanda kutoka ziwani hadi Rongo, hadi Migori, hadi Kegonga, na kila kilima kiliniongezea nguo. Sasa mtu ataiweka vipi krotoni, isiyo na shati, juu kileleni kwenye upepo, na mimea yenye blanketi aishushe bondeni kwenye starehe? Nilijiambia aliondoka na mawazo ya mgonjwa, akachanganya vitambaa. Nilijiambia pia, na hili ndilo la ukweli zaidi, kwamba akirudi na kukuta kosa lake limesahihishwa, suala la Migori litakuwa limekwisha. Nikaanza kung'oa vijiti. Mwita akasimamisha wilbaro. "Shangazi alisema nyekundu chini." "Shangazi yako hajawahi kukaa na krotoni kwao," nikamwambia. "Mimi nimezaliwa nazo." Akanitazama, akatazama bonde, akainua mabega. "Sawa, mtu wa ziwa. Mimi nimesema mara moja." Tukapanda krotoni zote kule chini, safu tatu, zikawaka rangi kama kitenge kipya. Madam alizipitia asubuhi akasema, "Waa."

Wiki nne zilikuwa nzuri. Kisha mawingu yakaondoka, anga ikawa safi, na baridi ya Julai ikaingia. Asubuhi moja mlinzi wa shule alikuja mbio kutuita. Tulipofika, kilele cha mteremko kilikuwa na umande tu. Mienge yangu ya juu ilisimama kama vile hakuna kilichotokea. Chini, juu ya ua wa kayaba, ukungu mweupe ulikuwa umelala kama maziwa kwenye bakuli, na ulipoinuka tukaziona krotoni. Majani yalikuwa meusi, yamelegea, kama mboga iliyochemshwa ikasahauliwa motoni. Tulingoja siku mbili tukidhani zitaamka. Asubuhi ya pili na ya tatu zilikuwa na baridi ile ile, na majani yakaanza kudondoka yenyewe, moja moja, bila upepo.

Mama Boke alirudi siku ya nne, dada yake akiwa amepata nafuu. Alikwenda moja kwa moja shuleni bila kuvua kitambaa cha safari. Alisimama akatazama krotoni chini na mienge juu, kisha akageuka, na aliyemtazama alikuwa Mwita. Si ajabu. Mwita alikuwa na sifa ya kufanya kazi nusu na kumaliza kwa mdomo. Mwaka uliotangulia alikuwa amepanda safu nzima ya miche bila kutoa mifuko ya nailoni. "Nilikuambia ufuate vijiti," alisema. "Kitu kimoja tu." Mwita akafungua mdomo, akanitazama, akaufunga. Nami nilisimama pale na jembe mkononi, sikusema kitu.

Nimeandika sentensi hiyo haraka kwa sababu hata leo inanichoma. Nilinyamaza siku tatu. Chakula kilikuwa kile kile, moto ule ule, lakini Mama Boke alimpakulia Mwita wa mwisho na bila neno, na Mwita alikula macho yakiwa kwenye sahani. Siku ya pili nilimfuata penye pipa la maji nikamuuliza kwa nini hasemi. "Niseme nini?" akanijibu. "Mimi na wewe tunataka Migori. Nikisema ni wewe, ataona nakuchomea. Ni wewe tu unaweza kusema." Akajaza ndoo yake akaenda. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililonifanya nishindwe kulala. Jioni ya tatu, Mama Boke akisonga ugali, alisema bila kugeuka, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa, "Mwita, ile habari ya Migori, isahau."

"Mama," nikasema, "vijiti nilivihamisha mimi."

Mwiko ukasimama. "Kwa nini?"

"Niliona umekosea."

Mwita alipaliwa na maziwa, na mpaka leo sijui kama ni kicheko au kikohozi. Mama Boke akageuka. "Nimekosea wapi?"

"Krotoni inataka joto. Nikaona nizipeleke chini."

"Nani alikuambia chini ni joto?"

"Kwetu ukishuka unafika ziwani," nikasema, na nilipolisikia jibu langu kwa masikio yangu mwenyewe, machozi yakanitoka.

Alirudi kwenye ugali wake, akausonga mpaka ukaiva, akauepua. Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa nikiliogopa kuliko lile la kwanza. "Na hizi siku tatu?"

"Nilikuwa nataka Migori."

Alimpakulia Mwita kwanza usiku ule. Kwangu alinipa sahani yangu kama kawaida.

Asubuhi, kabla jua halijatoka, aligonga ubao wa dirisha. "Vua viatu, twende." Tulikwenda hadi ofisini kwa Madam, juu kabisa, na kutoka pale tukaanza kushuka polepole, miguu mitupu. Juu udongo ulikuwa na baridi ya kawaida, ya kuvumilika. Katikati vile vile. Lakini tulipokaribia tambarare ya krotoni niliihisi baridi ikinipanda kwenye vifundo, kisha magotini, kama mtu anayeingia mtoni, na nilipoinama kugusa udongo nilikuta mkono wangu uko kwenye hewa nyingine kabisa. Mama Boke alisimama ndani yake kana kwamba anaoga. "Baridi ni nzito kuliko joto," aliniambia. "Usiku ukiwa hauna mawingu inashuka mteremko, polepole, hata hauisikii. Inatafuta bonde. Kama njia iko wazi inapita iende zake. Lakini hapa kuna hii." Akapiga ule ua mnene wa kayaba kwa kiganja. "Inafika hapa inazuiliwa, inajaa. Umeweka watoto wasio na shati ndani ya birika." Nikamuuliza kwa nini basi Kegonga nzima ni baridi kuliko Homa Bay, ikiwa baridi hushuka. Alifurahi kuulizwa. Akanieleza kwamba kuna mambo mawili: nchi nzima ikiinuka, baridi huongezeka, lakini ndani ya uwanja mmoja, usiku mmoja, bonde ndilo linaloshinda. "La kwanza ulilijua vizuri sana," alisema. "Ndilo lilikudanganya."

Siku hiyo hiyo alinituma kwa Madam, peke yangu. Nilimkuta akisahihisha daftari. Nikamwambia ni mimi niliyepanda vibaya, si Mama Boke wala Mwita, na kwamba mienge ingehamishiwa chini, mahali ilipopaswa kuwa. Alinitazama juu ya miwani. "Na wazazi wanakuja Jumamosi ya wiki ijayo." "Ndiyo, Madam. Kila mche tutauhamisha na udongo wake, asubuhi mapema." "Na nikikataa?" Akarudi kwenye daftari zake. "Anzeni kesho. Na hizo maiti mziondoe leo, wasichana wanazipa majina."

Tulihamisha mienge na vichaka vya fedha mimi na Mwita kwa siku nne, tukichimba mbali na mizizi ili bonge la udongo lisivunjike. Nafasi za juu tulizijaza kwa jeranium na miche michache ya majani laini iliyokuwa imebaki kibandani, bila krotoni hata moja. Siku ya wazazi ilifika na anga safi. Kule chini, kwenye birika la baridi, mienge mitano ilikuwa imewaka, na mzee mmoja mwenye kofia aliinama akamuuliza Madam, "Hii ni nini?" Madam hakujua. Alinyoosha kidole kwetu, nasi tulikuwa nyuma ya tangi la maji tukisukumana nani aende kueleza. Mwita akanisukuma mimi.

Nilidhani, kama kijana anavyodhani, kwamba mambo yamekwisha kwa sababu maua yamechanua. Desemba, tukila, Mama Boke alisema, "Migori ni ya Mwita." Mwita hakusherehekea, alitazama moto. Mama Boke akanigeukia. "Si kwa sababu ya krotoni. Mimi nimeua krotoni nyingi kuliko wewe. Ni zile siku tatu. Kitalu cha mbali siwezi kukiona. Nataka mtu ambaye kukiharibika ataniambia siku ya kwanza." Nilisema, "Ndiyo, Mama." Nilikwenda stoo nikakaa kwenye gunia la samadi muda mrefu. Nilitafuta mahali ambapo amenionea, sikupaona. Nimewaajiri watu wengi tangu hapo, na wote wameua mimea. Sijamfukuza hata mmoja kwa hilo.

Siku niliyoondoka alinipa mfuko wenye mashina manne ya mwenge, yamefungwa kwa majani ya mgomba. Nikamwambia, "Mama, hizi ni za baridi. Homa Bay zitakufa." "Huko kwenu watu wote wanapanda bogenvilia," alisema. "Panda kitu kingine. Zitafutie mahali." Mwita alinibebea begi hadi barabarani, na tulipoagana akaniambia kwamba Migori ingemtosha, lakini hangekuwa na mtu wa kumcheka.

Nilifika nyumbani jioni. Alfajiri iliyofuata niliamka kabla ya kuku, nikavua viatu, nikaanza kutembea uwanjani kwetu, kutoka upande wa kilima kushuka kuelekea ziwani, hatua kwa hatua. Mama yangu alitoka kuwasha moto akanikuta nimesimama katikati ya uwanja, macho nimefumba. "Akoth! Unatafuta nini?"

"Natafuta baridi, Mama."

"Hapa?" Akajishika kiuno. "Nyathina, mwanangu, hawa Wakuria wamekufanya nini?"

Baridi nilikuwa nimeihisi. Ilikuwa nyuma ya jiko, mahali ambapo uzio wetu wa zamani wa ojuok, ile minyaa yenye utomvu mweupe, ulikata uwanja upande wa chini. Haikuwa nyingi, ilifika tu kwenye vifundo, lakini ilikuwepo, imejaa polepole usiku kucha bila mtu kuialika. Nikamwita. Alikuja akinung'unika, akavua ndala zake, akaweka mguu mmoja, halafu wa pili. Pale pale penye miguu yake ulikuwa mtungi wake mkubwa wa maji ya kunywa, ule tunaouita dapi, ambao ulikuwa hapo tangu nijue kutembea.

"Mama, kwa nini huwa unauweka huu hapa?"

"Si maji yanakaa baridi," alisema, kama mtu aliyeulizwa jina lake. Kisha akatazama uzio, akatazama kilima nyuma yetu, akatazama miguu yake. Aliinama, akaukumbatia mtungi kwa mikono miwili, akausogeza hatua mbili kando, akaniachia ile sehemu tupu yenye duara la udongo mbichi.

"Hapo patakutosha?" akauliza.